“It should be ready on Friday”: je, hiyo ni ahadi?

Kijana mmoja alikaa siku nzima kwenye basi kutoka Songea kuja Dar es Salaam kuchukua cheti chake. Ofisi ilikuwa imemwandikia barua pepe kwa Kiingereza: “It should be ready on Friday.” Ijumaa akafika dirishani mapema, akaambiwa arudi wiki inayofuata. Alipotujia kwenye kitengo cha stadi za mawasiliano, alikuwa na simu mkononi na swali moja: si waliandika “should”, na kamusi si inasema “should” ni “inapaswa”? Kama kilipaswa kuwa tayari, mbona hakikuwa?

Kamusi haikumdanganya. Ilimpa maana moja tu kati ya mbili, na kwa bahati mbaya ofisi ilikuwa inatumia ile nyingine. Katika sentensi kama hiyo “should” haimwajibishi mtu. Anayesema anakadiria: mambo yakienda kama kawaida, Ijumaa kitakuwa tayari. Yasipoenda kama kawaida, hajasema uongo.

Sentensi yenyewe ni fupi mno. Kuna kiwakilishi “it”, kitenzi kisaidizi “should”, kisha “be”, kisha kivumishi “ready”. Sisi hayo yote, ukiacha kivumishi, tunayafunga ndani ya neno moja: “kitakuwa tayari”. Ki- ndiye mtenda, -ta- ndiyo wakati, -kuwa ndiyo “be”. Mwingereza ameyafungua akayapanga kwenye mstari, kila kipande na nafasi yake, na vipande hivyo havibadilishani viti isipokuwa katika swali, ambapo kisaidizi hutangulia: “Should it be ready?”

Makosa tunayoyasahihisha kila muhula hutoka kwenye kufungua huko. Mwanafunzi anaandika “It can to be ready” kwa sababu anasikia ku- ya “kuweza kuwa”. Mwingine anaandika “It must is ready”, mwingine “She cans”. Visaidizi hivi ni tisa: can, could, may, might, shall, should, will, would na must. Baada yake kitenzi hubaki kitupu, bila “to”, bila -s, bila -ed. Vyenyewe pia havipokei -s, na hili lina historia yake. Vingi kati ya hivyo vilikuwa zamani maumbo ya wakati uliopita katika lugha iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, na wakati uliopita haukuwa na kiishio hicho. Ndiyo maana hadi leo Mwingereza husema “she sang” bila -s, na “she can” vilevile.

Kiwakilishi nacho kina mitego miwili. Wa kwanza ni kukirudia: “The certificate it will be ready”. Kwetu ki- ni lazima hata kama “cheti” kimetajwa, kwa hiyo mkono unaandika “it” wenyewe. Wa pili ni kukiacha kabisa, “Will be ready”, jambo linalovumilika kwenye ujumbe wa simu lakini si kwenye barua. Kuhusu “he” na “she”, a- yetu haijali jinsia, na hata waliosoma sana huteleza hapo wakiongea haraka.

Kivumishi ndicho rahisi kuliko vyote. “Ready” haibadiliki awe mmoja au wawe mia. Mswahili hana haja ya kushangaa, kwani “tayari” yetu, yenye asili ya Kiarabu, inafanya vivyo hivyo: chakula tayari, watu tayari, nyumba tayari. Ni tofauti na “-zuri”, inayobadili nguo kwa kila ngeli.

Basi uzito wote umebaki kwenye kisaidizi. Chukua “It … be ready on Friday” ujaze pengo. Ukiweka “will”, msemaji amejifunga. Ukiweka “should”, anatarajia. Ukiweka “may”, hajui: huenda kikawa tayari, huenda kisiwe. “Might” na “could” ni hafifu zaidi, ni kama fundi cherehani anayekwambia “tutaangalia” huku nguo yako haijakatwa. “Can” ni jambo jingine kabisa: kinawezekana kuwa tayari Ijumaa, na mara nyingi nyuma yake kuna “ukitaka” au “ukilipia haraka”.

“Must” inahitaji tahadhari zaidi. Bosi akisema “It must be ready by Friday”, ni amri. Lakini mtu aliyesimama nje ya jiko, akisikia harufu ya pilau, anaweza kusema “It must be ready”, wala hamwamrishi mpishi. Anakisia kwa ushahidi wa pua. Kiswahili kinalijua hilo, maana “lazima” yetu ina sura hizohizo mbili: “lazima kiwe tayari” ni amri, “lazima kitakuwa tayari” ni kukisia. Tofauti ni kwamba sisi tunaibadili sura ya kitenzi kinachofuata, Mwingereza haibadili. Msikilizaji anabaki na muktadha tu.

Ukiikanusha ndipo watu hupotea hasa. “You must not be late” ni marufuku: usichelewe. Anayetafsiri neno kwa neno hupata “si lazima uchelewe”, maana yake hulazimishwi kuchelewa, ila ukipenda karibu. Kwa “si lazima” Kiingereza hutumia “don’t have to” au “needn’t”: “You don’t have to be early.” Na ukitaka kukanusha kule kukisia, kwa kawaida utasikia “can’t”: “It can’t be ready already”, haiwezekani kiwe kimekwisha kuwa tayari.

Wanasheria hawakutaka kuliachia muktadha jambo hili. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, inaeleza katika kifungu cha 53 kwamba “may” ikitumika kumpa mtu mamlaka, ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na “shall” ikitumika kumpa kazi, kazi hiyo ni lazima ifanywe. Mwaka 2021 sheria hiyo ilirekebishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Mimi binafsi naona hapo ndipo wafasiri wana kibarua kigumu, maana -ta- inayotumika mara kwa mara kufasiri “shall” haijitambulishi kama ni wajibu au ni wakati ujao tu.

Mwananchi wa kawaida hukutana na “may” kwenye barua za ufadhili wa masomo, mikopo na viza: “You may be eligible.” Watu wamefanya sherehe kwa sentensi hiyo. Inasema tu kwamba huenda ukawa na sifa, na aliyeiandika aliichagua “may” ili asikudai wala usimdai.

Yule kijana tulimshauri aandike swali la mstari mmoja, na ndilo tunalowashauri wote: “Will it be ready on Friday?” Kisha asome kisaidizi kitakachorudi. Ikirudi “Yes, it will”, aweke akiba barua pepe hiyo. Ikirudi “It should be”, asikate tiketi ya basi kabla ya kupiga simu Alhamisi.