Msongamano kwenye setilaiti si msongamano wa setilaiti

Jumamosi iliyopita, juu ya paa la zege la nyumba moja hapa Moshi, kijana aliyepata leseni yake ya redio ya ridhaa mwaka huu aliishusha antena ya mkononi, akajifuta jasho, akanigeukia. "Mzee, setilaiti imejaa," alisema. "Bila redio ya wati 50 hapa hatupati kitu." Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia mtangazaji akizungumzia "msongamano wa setilaiti", naye alimaanisha maelfu ya mitambo inayoizunguka dunia na hatari ya mitambo hiyo kugongana. Kati ya wawili hao, lile jambo lenyewe ambalo sisi wa redio ya ridhaa tunaliita msongamano lilibaki halina msemaji, na kwa kuwa hii si mara ya kwanza wala ya tano kulisikia likivurugwa, nimeona niliandikie.

Maana yake ni fupi. Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu wenye leseni, ambayo huku kwetu hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, wanaorusha mawimbi kwa kujifunza na kwa kupenda, bila biashara. Watu hao wamekuwa na setilaiti zao tangu tarehe 12 Desemba 1961, OSCAR 1 iliporushwa kutoka California, na baadhi ya za leo hupokea sauti kutoka ardhini na kuirudisha chini kwa masafa mengine ili isikike mbali. Msongamano hutokea vituo viwili au zaidi vinapoitumia setilaiti moja kwa wakati mmoja na kila kimoja kikawa kinamzuia mwenzake asisikike vizuri. Hayo ndiyo yote kwa upande wa maana. Tabu ipo kwenye neno lenyewe.

Mzizi ni songa. Anayesonga ugali hafanyi kazi ya anayekoroga uji. Anaukandamiza kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria mpaka unga na maji vishikane, na mkono wake unahisi jinsi ugali unavyomsukuma naye. Kutoka hapo tumepata msongo, neno ambalo mafundi umeme hulitumia kila siku wanapotaja njia ya msongo wa kilovoti 33, na ambalo limehamia hospitalini likawa msongo wa mawazo. Wapo wanaochanganya songa na sogea, pengine kwa sababu konda wa kifodi huyatoa yote mawili kwa pumzi moja, lakini anayesogea anahama tu, ilhali anayesonga anahama kwa kusukumana na waliomzunguka. Sasa, ukiongeza kwenye songa kiambishi cha kauli ya kutendama, kile kinachoonyesha kitu kutulia katika hali fulani kama tunavyokiona katika inama na fichama, kisha ukaongeza kile cha kutendana, unapata songamana, yaani kukandamizana na kubaki hivyo. Shikamana, fungamana na gandamana ni ndugu zake wa damu.

Nimelichambua neno kwa kirefu kwa sababu hakuna popote ndani yake palipotajwa idadi. Akina mama wawili wanaoshuka kwa pamoja kwenye mlango wa kifodi, kila mmoja na tenga lake la ndizi analopeleka sokoni Kiboriloni, wamesongamana, hata kama viti vyote nyuma yao ni vitupu. Watu elfu moja waliotawanyika kwenye uwanja mpana hawajasongamana. Kujaa ni habari ya chombo na ujazo wake. Kusongamana ni habari ya vitu na namna vinavyobanana.

Lipo pia suala la kiunganishi kidogo, "wa", ambacho ndicho hasa kinachonikera. Tunaposema msongamano wa magari barabarani, vilivyosongamana ni magari, na barabara ni mahali. Msongamano wa wafungwa gerezani ni vivyo hivyo. Kwa kanuni hiyo hiyo, msongamano wa setilaiti maana yake ni kwamba setilaiti zenyewe ndizo zilizobanana, na mahali ni anga. Nalazimika kukiri, basi, kwamba yule mtangazaji alisema sawasawa, na nilipomnung'unikia nikiwa jikoni nilimwonea. Wanaokosea ni sisi wenye leseni, tunaosema "msongamano wa setilaiti" huku tukimaanisha kitu ambacho kingetokea hata kama angani kungekuwa na setilaiti moja tu. Tena kingetokea zaidi. Kwetu sisi vinavyosongamana ni mawimbi, na setilaiti ni mahali. Kwa hiyo ni msongamano wa mawimbi kwenye setilaiti, au kwa ufupi, msongamano kwenye setilaiti.

Nirudi kwa kijana na neno lake "imejaa". Setilaiti aliyokuwa akiitafuta ni SO-50, iliyorushwa Desemba 2002, nayo ni ya FM. Hupokea kwa megahezi 145.850 na kurudisha kwa megahezi 436.795, basi, njia moja ya kwenda na njia moja ya kurudi. Mtu mmoja akizungumza, imejaa. Ni kama kusema bodaboda imejaa kwa sababu ina abiria. Mtu anayeniambia kwamba setilaiti ya FM imejaa hajaniambia lolote, kwa kuwa ilitengenezwa ijazwe na mtu mmoja na kumwachia nafasi mwingine baada ya sekunde chache.

Kinachotokea wawili wanapobonyeza kwa pamoja kinajulikana na kila dereva wa utalii wa Arusha. Katika gari lake ana redio koli, na asubuhi simba anapoonekana, madereva wawili hubonyeza kwa wakati mmoja kutoa habari. Wanaosikiliza husikia mambo mawili tu: ama yule aliye karibu zaidi humfunika mwenzake kabisa, kana kwamba mwenzake hakusema, ama nguvu zao zinakaribiana na wote wanasikia mkwaruzo. Hiyo ndiyo tabia ya kipokezi cha FM, kwamba hukamata wimbi lenye nguvu na kulimeza lililo dhaifu. Tofauti ni kwamba kwenye redio koli wanaogombea ni wachache wa hifadhi moja, wakati SO-50 inaonekana kwa mara moja na kila mtu aliye ndani ya duara lenye upana wa zaidi ya kilomita 5,000.

Ndiyo maana ushauri wa wati 50 ni mbaya. Utafanya kazi kwa aliyetangulia kuufuata, na ataona kwamba ni mzuri, mpaka jirani naye anunue yake. Baada ya hapo kila mtu yuko pale alipokuwa, ila wenye redio ya wati 5 ndio waliotolewa nje kabisa, na kwa kawaida hao ndio wanafunzi na wageni.

Zipo setilaiti za aina nyingine, zenye transponda ya mstari, ambazo hazichukui sauti moja bali huchukua kipande kizima cha masafa na kukirudisha chini kama kilivyo. AO-7, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 1974, ina vipande viwili, kimojawapo cha kilohezi 50. Sauti ya FM hula kama kilohezi 15, lakini sauti ya SSB, aina ya urushaji inayobana sauti kwenye masafa membamba, haifiki kilohezi 3, na kwa hesabu hiyo mazungumzo zaidi ya kumi yanaweza kwenda bega kwa bega bila mtu kumkanyaga mwenzake. Huku neno "imejaa" lingekuwa na maana, na ni nadra kulihitaji.

Hata hivyo msongamano upo, nao ni wa kijanja zaidi. Nguvu ya kisambazaji cha transponda ni moja na wote wanagawana, hivyo anayerusha kwa wati nyingi huchota sehemu kubwa kuliko haki yake, na wengine wanazama hata kama wako mbali naye kimasafa. AO-7 inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine. Betri yake iliharibika mwaka 1981 ikanyamaza, kisha mwaka 2002 ikafufuka, na tangu hapo inaishi kwa paneli za jua peke yake, ikifanya kazi inapopigwa na jua na kuzimika inapoingia kivulini. Kwa kuwa haina akiba, mtu mmoja anapozidisha wati, msongo wa umeme ndani yake hushuka, masafa yanatetema, na sauti za wote zinayumba kama kaseti kwenye redio yenye betri zilizochoka. Msongamano unashusha msongo. Maneno mawili ya mzizi mmoja yanakutana angani ndani ya kisanduku cha miaka ya sabini. Hapo kuna vituo vitatu, nafasi ya kilohezi 40 iko wazi, na bado kuna msongamano, kwa sababu mmoja anawakandamiza wawili.

Kwetu huku jambo hili lina sura yake. Arusha na Moshi ziko ndani ya mraba mmoja wa ramani ya redio, KI86, na humo wenye leseni ni wachache, kwa hiyo SO-50 inapopita kusini, juu ya Msumbiji na Zambia, mara nyingi utajikuta unazungumza na ukimya. Ikipita kaskazini mambo hubadilika. Inapokuwa juu ya Sudan, sisi tunaiona chini karibu na upeo, na wakati huohuo vituo vya kusini mwa Ulaya navyo vinaiona. Sasa simama Moshi utazame kaskazini. Kibo imekaa pale, mita 5,895, ikiziba karibu digrii tisa za anga kutoka usawa wa macho; aliye Arusha naye ana Meru yake. Dakika zilezile ambazo setilaiti ina watu wengi ndizo ambazo mlima unatunyima, na wimbi letu linafika likiwa limechoka likutane na la mtu mwenye antena nzuri na upeo ulio wazi. Siwezi kumlaumu kijana kwa kudhani kwamba amezibiwa makusudi.

Kupunguza msongamano, basi, si kufukuza watu wala si kusubiri setilaiti mpya zirushwe, ingawa kila mpya inasaidia. Ni kulegeza mbano. Kwenye setilaiti ya FM hiyo ina maana ya kutaja ishara ya kituo chako, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H, na mraba wako, kisha kuachia kitufe. Salamu ndefu na habari za hali ya hewa zipelekwe kwenye transponda ya mstari, ambako zina nafasi. Ina maana pia ya kutorusha kabisa kama huisikii setilaiti, jambo ambalo linaonekana dogo lakini ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya mikwaruzo, kwa kuwa asiyesikia hajui kwamba mtu anaongea.

Kwenye setilaiti ya QO-100 jambo hili wameliwekea mtambo. Hiyo haipiti, imekaa mahali pamoja juu ya ikweta, digrii 25.9 mashariki, tangu ilipopelekwa Novemba 2018, na kutoka Arusha iko juu sana kiasi kwamba dishi lake hulala chali kama sinia. Langu hukusanya maji ya masika na nimelazimika kulitoboa tundu chini. Ina kipande cha karibu nusu megahezi kwa sauti na msimbo wa Morse, na kanuni yake kuu ni kwamba wimbi lako lisizidi lile la kinara, yaani alama inayorushwa muda wote kwa nguvu ileile ili watu wajipime nayo. Ukizidi, mtambo wa ardhini uitwao LEILA unakupigia king'ora juu ya masafa yako mpaka upunguze. Hauhesabu watu, unapima nguvu ya kila mmoja, na kwa maoni yangu waliousanifu waliielewa maana ya songamana vizuri kuliko sisi wenye neno.

Kijana alikuwa amerekodi mpito mzima, yaani dakika zote ambazo SO-50 ilikuwa ikipita, kwa simu. Tulikaa chini ya tangi la maji tukausikiliza. Mwanzoni kuna mvumo, kisha sauti mbili za Kiitaliano, kisha kimya anapobonyeza yeye, kwa kuwa redio yake haiwezi kurusha na kupokea kwa pamoja. Anapoachia, inasikika wazi sauti ya mtu akitaja "5H", na herufi mbili za mwisho za ishara ya kijana, kabla kimya hakijarudi. Alikuwa amebonyeza tena. Tulirudisha nyuma mara tatu ili awe na uhakika.

"Kwa hiyo ilikuwa haijajaa," alisema.

Nilimwambia kwamba wati zake 5 zilifika, na kwamba mpito ujao aachie kitufe na kuhesabu mpaka tano kabla ya kukibonyeza tena. Akauliza atasemaje basi siku itakapokuwa vigumu kweli. Aseme kuna msongamano kwenye setilaiti, nikamjibu, na katika kuwahesabu waliosongamana aanze na yeye mwenyewe.