Wadudu Wadogo Kwenye Udongo wa Miche: Mtambue Mdudu Kabla ya Kumwaga Dawa

Kila ifikapo Juni, mawingu yanapotanda kwenye miteremko ya Kilimanjaro na manyunyu yakawa hayaishi, tunaanza kuletewa vyungu vya maua, trei za miche na viriba vya kahawa kutoka Kibosho, Marangu na mitaa ya Moshi mjini, pamoja na lalamiko lilelile: udongo umejaa vidudu na dawa iliyomwagwa haijasaidia. Ukiuliza ni dawa gani, mara nyingi utaambiwa ni ile ya kupulizia mbu ndani ya nyumba, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na maji ya sabuni. Mche uliokwisha kuungua kwa mafuta ya taa ni vigumu mno kuuokoa, na inasikitisha zaidi tunapokuta kwamba wadudu waliokuwamo hawakuwa na madhara yoyote.

Udongo wenye uhai hauwezi kukosa wadudu, na wengi wao kazi yao ni kula majani yaliyooza, ukungu na mwani. Mwagia chungu maji mengi hadi yatuame juu ya udongo, kisha inama utazame kwa karibu. Ukiona vidudu vyeupe au vya kijivu, vya urefu wa milimita 1 hadi 2, vikielea juu ya maji kama vumbi na kuruka ghafla vinapoguswa na ncha ya kijiti, hao ni kolembola, wadudu wasio na mabawa ambao hujirusha kwa kufyatua kijimkia kilichokunjwa chini ya tumbo. Hawaumi mtu, na kwa kawaida hawadhuru mmea wenye afya. Utitiri wa kahawia wenye miguu 8, wanaotembea juu ya mboji, nao waache wafanye kazi yao. Wakizidi kuwa wengi, ujue tu kwamba udongo wako unakaa na maji kupita kiasi.

Wanaostahili hofu yako ni vinzi weusi wa udongo. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 2 hadi 4, ni mwembamba na mwenye miguu mirefu kama mbu mdogo, haumi, huruka kwa udhaifu, na ukitikisa chungu hukimbia juu ya udongo badala ya kwenda mbali. Watu wengi humchanganya na kinzi wa ndizi mbivu, ambaye ni mnene zaidi, ana macho mekundu na hufuata matunda, si udongo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 200, na penye joto la nyuzi 24 hivi kizazi kizima hukamilika kwa takriban wiki 3 au 4. Madhara hayaletwi na yule anayeruka bali na funza wake, ambao hula ukungu na mboji kwanza, kisha wakageukia vinyweleo vya mizizi na hata shina laini la mche. Jeraha wanaloacha huwa mlango wa vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche karibu na udongo, ndiyo maana mche wa nyanya au hoho uliokuwa umesimama jioni unaweza kukutwa asubuhi umelala. Mmea mkubwa huvumilia, mche haustahimili.

Kuwathibitisha hakuhitaji maabara. Kata kipande cha kiazi mviringo kibichi chenye unene wa sentimita 1, kibandike juu ya udongo wenye unyevu na usubiri siku 2 au 3. Tuligeuza kipande cha namna hiyo kwenye trei ya nyanya, na upande wa chini kulikuwa na funza waliojikunja, miili yao angavu kama utando wa maji kiasi kwamba mstari mweusi wa chakula ulionekana ndani ya utumbo, na kila mmoja akiwa na kichwa cheusi kinachong'aa. Kichwa hicho cheusi ndicho alama ya uhakika.

Tiba ya kwanza ni maji, nasi tunaisisitiza kuliko dawa yoyote. Mayai na funza wengi hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, kwa hiyo acha sentimita 2 au 3 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza, na kikitoka na unyevu, subiri. Wakati wa kipupwe chungu kilicho ndani ya nyumba chaweza kukaa wiki nzima bila kuhitaji maji. Mwaga yanayobaki kwenye sahani ya chini, na usitumie samadi ambayo haijaiva, kwa sababu ukungu unaoota humo ndio chakula chao. Kadi ya njano yenye gundi, au kibao kilichopakwa rangi ya njano na grisi na kulazwa karibu na udongo, hunasa wanaoruka na kukuonyesha kama idadi inapungua, ingawa haiwafikii funza. Endelea hivyo kwa wiki 4 au zaidi, kwani mayai yaliyokwisha kutagwa bado yatakuwa yanaanguliwa.

Penye kitalu kikubwa, bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, yuleyule anayetumika kuua viluwiluwi vya mbu, huwaua pia funza hawa wakimmeza, lakini inabidi kurudia kila wiki. Nunua tu kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha, na usome lebo mwenyewe badala ya kutegemea maneno ya muuzaji. Udongo wa msimu ujao unaweza kuulowesha na kuupasha moto ndani ya pipa hadi nyuzi 70 kwa nusu saa, bila kuuchoma, kwa kuwa joto likizidi huzalisha sumu inayodhuru mizizi. Anayependa kutumia jua afunike udongo wenye unyevu kwa nailoni angavu kwa wiki 4 hadi 6, Januari na Februari, si wakati wa mawingu.

Ikiwa hakuna kinachoruka na bado mmea unanyauka, uchomoe taratibu utazame mizizi. Unga mweupe kama pamba ni vidung'ata wa mizizi, na mara nyingi utakuta sisimizi wakiwafuata kwa ajili ya umajimaji mtamu wanaoutoa: tupa udongo wote, osha mizizi na chungu, kisha utenge mmea huo mbali na mingine. Vinundu vilivyovimba kwenye mizizi yenyewe ni kazi ya minyoo fundo, wasioonekana kwa macho, na udongo huo usiutumie tena kwa nyanya.

Ukishindwa kutambua, mletee mtaalamu mche mzima pamoja na udongo wake ukiwa bado na unyevu, ndani ya mfuko uliofungwa, na utaje kila ulichokwisha kumwagia, hata kama ni mafuta ya taa. Hatutakugombeza; bila kujua hilo hatuwezi kutofautisha jeraha la mdudu na jeraha la dawa.