AC haipozi? Kabla hujajaza gesi angalia inapopitia

Joto la Dar likishaanza, Desemba mpaka Machi hivi, simu zinazoingia ni za wimbo mmoja: fundi, AC imeisha gesi, njoo uongeze. Sasa gesi ya AC haiishi kama ya kupikia, inazunguka humohumo ndani ya paipu miaka na miaka, ukiona imepungua ujue kuna mahali inavuja, na mara nyingine wala haijapungua, ipo yote ila haipiti inavyotakiwa. Hili la pili ndo nataka kuliongelea maana linarukwa sana, hasa kwenye hizi AC ndogo za ukutani za BTU 9,000 na 12,000.

Iko hivi: kompresa, ile pampu ya yuniti ya nje inayozungusha gesi, inavuta ujazo, haijui uzito. Kila ikizunguka inavuta nafasi ileile, kwa hiyo kama gesi imeshapoteza presha njiani inafika pale ikiwa nyepesi, kompresa inaunguruma kama kawaida, mita ya umeme inasoma, lakini gesi inayozungushwa kwa gramu ni kidogo na chumba hakipoi. Ndo maana paipu nene, ile inayorudisha gesi kwenye kompresa, ikibonyea unaumia zaidi kuliko unavyodhani, na kuongeza gesi hapo hakusaidii kitu.

Mahali pa kwanza kukagua ni nyuma ya yuniti ya ndani, pale paipu zinapokata kona kuingia kwenye tundu la ukuta. Aliyefunga kakunja kwa mikono bila springi ya kukunjia, kopa ikawa bapa, kisha kazungushia ile tepu nyeupe na kazi imependeza. Fungua tepu, pitisha vidole taratibu. Kama paipu nyembamba, ile inayopeleka gesi ndani, imebonyea utasikia mabadiliko palepale, upande mmoja ina ubaridi wa kawaida na ukivuka kibonyeo inakuwa baridi zaidi, wakati mwingine mpaka barafu, maana yake gesi inapanuka hapo kabla haijafika kwenye evapoeta, ile koili ya ndani inayopoza chumba. Dawa yake ni kukata hicho kipande na kuunga upya, na ukichomelea pitisha naitrojeni ndani, la sivyo yale magamba meusi yatasafiri mpaka kwenye kichujio cha kapilari (kijipaipu chembamba sana kinachoshusha presha ya gesi) na umejitengenezea tatizo lingine.

Halafu hii ya sponji inaniudhi kweli. Kwenye split ndogo nyingi kapilari iko kwenye yuniti ya nje, kwa hiyo gesi inayopanda kwa paipu nyembamba imeshashushwa presha, imeshakuwa baridi, sio kama mitambo mikubwa ambako ile paipu inabeba kimiminika cha uvuguvugu. Sasa fundi anavalisha sponji paipu nene peke yake, nyembamba anaiacha uchi kwenye jua la saa nane mchana! Ubaridi unaolipia unaishia ukutani nje, na maji yanadondoka kwa jirani. Kila paipu ivae sponji yake, zote mbili.

Jambo hilohilo la kapilari kuwa nje ndo linafanya geji iwadanganye watu. Una sehemu moja tu ya kuchomeka hosi, kwenye paipu nene, upande wa presha kubwa huuoni. Fundi anaona presha iko chini anaongeza tu, kumbe filta za ndani zimejaa vumbi, hewa haipiti, na presha inashuka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo soma presha pamoja na joto la paipu. Mfano R410A, aina moja ya gesi ya AC, ikiwa psi 120 hivi, inachemka kwenye kama nyuzi 5, ukiweka kipimajoto kwenye paipu nene ukapata 10 au 11 uko vizuri. Ukipata 20 na kitu, evapoeta ina njaa, ama gesi ni pungufu ama kuna kizuizi, na hapo gusa zile kona za U za evapoeta: kama mstari mmoja wa paipu ni baridi na wa pili vuguvugu, gesi haigawanyiki sawa.

Ukitaka uhakika wa kiasi, nyonya gesi yote, piga vakyumu (yaani toa hewa na unyevu kwa pampu), pima kwa mzani kulingana na kibandiko cha yuniti ya nje. Kibandiko au kitabu kitakwambia pia gramu za kuongeza kwa kila mita inayozidi urefu wa kiwandani. Mzani sio wa maabara, ni kitendea kazi kama spana.

Vakyumu nayo sio mapambo. Lenga maikroni 500 kwenye kipimo cha vakyumu, funga vali, subiri uone kama inapanda. Hewa ikibaki inajikusanya kwenye kondensa, koili ya nje inayotoa joto, haigeuki kimiminika kama gesi, presha ya juu inapanda bure. Na unyevu, kwenye friji maji huganda mdomoni mwa kapilari, ila gesi ya AC inachemka juu ya sifuri hivyo maji hayagandi, badala yake unyevu unaingia kwenye oili ya POE, ile ya kulainisha kompresa, inatengeneza asidi na matope, na matope ndo yanaziba. Inachukua muda, ndo maana aliyefunga hayupo tena ukimtafuta.

Wanaouliza wanunue ipi, mimi nasema yenye gesi ya R32. R410A yenyewe ni nusu R32 na nusu R125, na R32 peke yake inabeba joto zaidi kwa kila kilo, kwa hiyo inahitajika kidogo na inapoteza presha kidogo ndani ya paipu nyembamba, na hata kwa makubaliano ya Kigali ya 2016, ya kupunguza gesi za namna hii, inakaa vizuri zaidi, kipimo chake cha kuongeza joto la dunia ni 675 wakati R410A ni 2,088. Ila inashika moto. Kwa hiyo ule mtindo wa kufukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo kwenye nati, badala ya vakyumu, na R32 usiujaribu, na fundi akija hana vakyumu pampu mwambie akaifuate kwanza.