Je, wajua? Picha za Canaletto hupima maji ya Venice

Picha ya rangi inawezaje kusema bahari ilifika wapi kabla watu hawajaanza kuipima? Mjini Venice, Italia, vipimo vya kudumu vya usawa wa bahari vilianza 1872. Kwa miaka ya kabla ya hapo, mtafiti Dario Camuffo aligeukia picha za Canaletto (1697–1768) na za mpwa wake Bellotto, waliochora majumba ya kandokando ya mifereji.

Wengi huamini picha hizo ni nakala kamili ya mji, hasa wakisikia habari za kamera obskura, sanduku lenye lenzi linaloangusha taswira juu ya karatasi. Sivyo. Canaletto alitunga. Alisogeza majengo, akapanua mifereji, akaunganisha mandhari ya sehemu mbili yakawa moja. Ukienda Venice kutafuta aliposimama, pengine hutapaona kabisa, maana mahali penyewe hapapo. Basi kwa nini mwanasayansi amwamini?

Kwa sababu Camuffo alitazama utando wa kijani ukutani. Aliyekulia pwani ameuona kwenye ngazi za gati. Mwani huo huota panapolowa kila siku. Juu zaidi, jua huukausha. Kwa hiyo ukingo wake wa juu haufuati maji makubwa ya bamvua yanayokuja siku chache, bali wastani wa maji kujaa. Bahari ikipanda, utando hupanda. Nyumba ikititia, utando hupanda ukutani vilevile. Canaletto aliuchora kwa uangalifu mkubwa, na hapa ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe: hata akilihamisha jumba zima, umbali kati ya utando na kizingiti cha mlango haubadiliki.

Ilibidi kuchagua majengo ambayo bado yapo na ambayo sehemu yake ya chini haikujengwa upya. Utando ulionekana umepanda sentimita 69 hivi tangu enzi za Canaletto. Lakini boti za injini hurusha mawimbi na kulowesha kuta juu zaidi. Hilo lilipoondolewa katika hesabu, zilibaki kama 61, na kosa laweza kuwa sentimita 11 kwenda juu au chini.

Bahari ilipanda, ardhi nayo ikatitia. Katikati ya karne ya 20, viwanda vya Marghera, eneo lililo jirani na Venice, vilivuta maji mengi chini ya ardhi na kuharakisha kutitia huko. Uvutaji ulipopunguzwa miaka ya 1970, kasi hiyo ilishuka. Bahari inaendelea kupanda.