Kusoma kazi ya barafuto kwenye mabonde ya Mlima Kenya

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, ukishavuka lile eneo la matope unaingia Bonde la Teleki. Sakafu yake ni pana, kuta zinapanda ghafla kulia na kushoto, na kijito kinachopita katikati ni kidogo mno kwa bonde kubwa kiasi hicho. Kijito hicho si kilichochimba bonde. Mto hukata pale tu maji yanapogusa, ndiyo maana bonde la mto wa milimani huwa na umbo la V. Barafuto, yaani mto wa barafu nene unaosonga polepole, hujaza bonde karibu lote, ikasaga sakafu na kuta kwa wakati mmoja, na ikishayeyuka hubaki umbo la U.

Wengi wanadhani barafu ndiyo inayokata mwamba. Barafu tupu ni laini sana kwa kazi hiyo. Theluji ikirundikana miaka mingi, uzito wa tabaka za juu hukamua hewa iliyo chini mpaka ujazo wa mita moja ya mraba kwa kimo cha mita moja unafikia kilo 900 hivi. Rundo likishafika unene wa makumi ya mita, barafu ya chini huanza kujikunja na kutiririka polepole kufuata mteremko. Ikiwa chini kabisa kuna maji membamba ya myeyuko, inateleza pia, na hapo ndipo kazi inapoanza. Barafuto iliyoganda ikashikana na mwamba haifanyi mmomonyoko wa maana, hata ikiwa nene namna gani.

Mmomonyoko wenyewe una njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa: maji hupenya kwenye nyufa za mwamba, yanaganda, yanatanuka kwa karibu asilimia 9, na barafu inayosonga inaondoka na vipande vilivyolegea. Ya pili ni kusaga: vipande hivyohivyo, vikiwa vimeshikwa tumboni mwa barafu, vinaburutwa juu ya mwamba kama msasa. Njia hizi zinategemeana, kwa sababu bila mawe yaliyong'olewa hakuna cha kusagia.

Tafuta kilima kidogo cha mwamba kwenye sakafu ya bonde, utaziona zote mbili mahali pamoja. Upande unaotazama kileleni, barafu ilipotokea, ni laini na wa mviringo, kwa kuwa huko mgandamizo ulikuwa mkubwa. Upande wa chini umekatika vipandevipande, kwa kuwa huko mgandamizo ulipungua, maji yakaganda tena, mawe yakang'oka. Ukijua hili unaweza kuonyesha barafu ilielekea wapi bila kifaa chochote.

Mikwaruzo inahitaji uangalifu zaidi. Mistari mirefu sambamba juu ya mwamba inaweza kuwa ya barafuto, lakini hata mwamba uliosuguana na mwamba mwenzake kwenye ufa wa ardhi huwa na mistari. Mlima Kenya unatupa kipimo kizuri: kenaiti, mwamba wa volkeno ulioitwa kwa jina la mlima wenyewe, wenye fuwele kubwa za feldispa (aina ya madini) zenye umbo la almasi. Pitisha kiganja juu yake. Mwamba uliochakaa kwa mvua na baridi tu, fuwele zake zinatokeza, kwa sababu sehemu inayozizunguka huoza upesi kuliko zenyewe. Mwamba uliosagwa na barafu, fuwele zimekatwa zikawa sawasawa na uso wote, na mstari mmoja unavuka fuwele na mwamba bila kukatika.

Juu zaidi, barafuto zilichimba mabeseni kwenye vyanzo vya mabonde. Mabeseni mawili yakirudi nyuma mpaka migongo ikakaribiana, katikati hubaki ukuta mwembamba. Yakizunguka mlima pande zote, hubaki kilele chenye ncha. Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) zimesimama hivyo kwa sababu ni sienaiti, mwamba mgumu uliogandia kwenye koo la volkeno. Lava na majivu laini yaliyouzunguka yaliondolewa kwanza. Upande wa Chogoria, Ziwa Michaelson limekaa ndani ya kishimo ambacho barafu ilikichimba chini kuliko kizingiti cha mbele yake, jambo ambalo mto hauwezi kulifanya kwa urefu kama huo.

Mzigo wote huo lazima utuliwe mahali. Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alitambua moreni (marundo ya mawe na udongo yaliyoachwa na barafuto) za kale chini sana ya barafuto za wakati wake, na hivyo akajua kwamba barafu ya mlima huu iliwahi kushuka mbali zaidi. Kule Rwenzori, Ziwa Mahoma, lililo chini ya mita 3,000, limekaa kati ya moreni.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuita kila rundo la mawe moreni. Maporomoko nayo huacha marundo, na matope ya volkeno huacha mchanganyiko usiochambuliwa, mawe makubwa na unga pamoja, kama ulivyo mzigo wa barafuto. Kwa hiyo chimba angalau nusu mita, chagua mawe 50 ambayo urefu wake unazidi upana kwa mara moja na nusu au zaidi, na upime kwa dira mhimili mrefu wa kila moja unaelekea wapi. Mengi yakifuata mwelekeo wa bonde, na mengine yana nyuso bapa zenye mikwaruzo, una ushahidi mzuri. Usipime juujuu. Kwenye mwinuko ule udongo unaganda usiku na kuyeyuka mchana, ukayageuza mawe yafuate mteremko. Pimia kwenye mgongo wa moreni, ambako mteremko ni mdogo, wala si ubavuni.

Ubavu wa ndani wa moreni changa za Lewis, barafuto ya Mlima Kenya, uepuke kabisa. Ulikuwa umeegemea barafu. Barafu imeondoka, na mawe yamebaki yameshikiliwa na vumbi tu, pengine na barafu kidogo iliyofukiwa ambayo inayeyuka jua likipanda. Pita mgongoni, na upite mapema asubuhi.