Kompyuta Ikilala na Sauti Ikapotea, Usikimbilie Kadi Mpya

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, laptopu ikikosa sauti, hukumu hutoka haraka: kadi ya sauti imekufa, tafuta ya USB. Wengi wanatoa hela zao bure. Mimi mteja akifika humuuliza kwanza sauti inakatika wakati gani. Akisema ilikuwepo mpaka alipofunga kifuniko, akafungua na kukuta kimya, basi kadi karibu kila mara ni nzima. Kinachosumbua ni usingizi.

Kwenye usingizi wa kawaida, kompyuta hubakiza umeme kwenye RAM na sehemu chache tu. Chipu ya sauti hukatiwa. Ikiamka, draiva (programu inayoendesha kifaa) inatakiwa kuipanga upya kuanzia mwanzo: sauti itokee tundu lipi, kwa kiwango gani, kikuza sauti cha ndani kiwashwe au kisiwashwe. Ikiruka hatua moja tu, utaona kadi imeorodheshwa vizuri, vipimo vya sauti vinapanda na kushuka, na spika ziko kimya.

Wenye Linux waanze kwa kuwasha upya huduma ya sauti, kwenye dirisha la amri:

systemctl --user restart pipewire wireplumber

Kwenye mifumo ya zamani inayotumia PulseAudio, andika pulseaudio -k. Sauti ikirudi, umeshajua kifaa hakina kosa. Sasisha kernel (kiini cha Linux) na BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine).

Kwa Windows kuna jambo linalowachanganya watu wengi sana. Mteja anakwambia, "Fundi, nimezima na kuwasha tangu jana, wapi!" Anasema kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili iwapo Fast Startup (mpangilio wa kuwasha haraka) imewashwa: kiini cha mfumo pamoja na draiva huhifadhiwa kwenye diski, na asubuhi hurudishwa kama kilivyokuwa, pamoja na hitilafu yake. Chagua Restart, au shikilia Shift unapobofya Shut down. Kama tatizo linajirudia, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off. Ujue tu kwamba hibernate, yaani kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, nayo itaondoka. Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja nawasihi wafanye hivyo mapema, maana Windows inaweza kuiacha chipu katika hali ambayo Linux haiielewi.

Sasa tuje kwenye ule mlio wa "paa!", ambao mimi huuchukulia kwa uzito kuliko ukimya. Kwaya nyingi huku kwetu, kuanzia Uyole mpaka Tukuyu, hupiga ala kutoka kwenye laptopu iliyochomekwa kwenye mikisa. Wimbo ukiisha, mahubiri yanaanza, laptopu haitoi chochote. Draiva inaona kadi haina kazi, inaikatia umeme kuokoa betri. Wimbo unaofuata ukibonyezwa, chipu inaamka ghafla, volti inaruka, na amplifaya inaukuza mruko ule ule. Waumini wanashtuka, na twita za spika (zile ndogo za sauti nyembamba) zinaumia.

Kwenye Linux, kwa kadi nyingi za Intel, angalia hivi:

cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Namba utakayoiona ni sekunde za kusubiri kabla ya kukata. Sifuri maana yake haikati kabisa. Jaribu kwanza:

echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save

Mlio ukikoma, ili ibaki hivyo hata ukiwasha upya, tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d/, jina liishie na .conf, uandike options snd_hda_intel power_save=0. Ila kama umesakinisha TLP (programu ya kuokoa betri), hiyo haitoshi, kwa sababu TLP hubadilisha namba hiyo kulingana na chaja. Ndiyo maana wengine mlio huwaanza pale tu umeme unapokatika na laptopu kuhamia kwenye betri. Fungua /etc/tlp.conf, weka SOUND_POWER_SAVE_ON_BAT=0, na ile ya ON_AC vivyo hivyo. Betri itapungua kidogo zaidi. Kwa laptopu ya kwaya, spika ni ghali kuliko hiyo betri.

Mlio wa wakati wa kuzima kompyuta ni vigumu kuumaliza kwa programu, kwa kuwa chipu lazima ikatiwe umeme mwishoni. Hapo mpangilio ndio dawa: zima amplifaya kwanza, kompyuta baadaye. Kuwasha ni kinyume chake, amplifaya iwe ya mwisho, na kitasa chake cha sauti kikiwa chini.