Ndama anayehara: apewe maji gani, kiasi gani, na lini awekewe dripu

Ndama wa kilo 40 anayehara vibaya anaweza kumwaga lita 4 za majimaji kwa siku moja, yaani sehemu ya kumi ya uzito wake. Mfugaji akiona kinyesi cha maji hukimbilia antibiotiki. Wakati huo ndama anakauka, na mara nyingi kinachomuua ni ukosefu wa maji, ukosefu wa chumvi za mwili, na asidi iliyozidi kwenye damu. Iwe aliyeanzisha ni bakteria E. koli katika siku 3 au 4 za mwanzo, au virusi vya rota, korona au kimelea cha kriptosporidia katika wiki ya pili, mambo hayo matatu hutibiwa kwa namna ileile. Antibiotiki ina nafasi yake pale ndama anapokuwa na homa, kinyesi chenye damu au unyonge wa mwili mzima. Virusi na kriptosporidia haiwagusi.

Asidi ndiyo inayosahauliwa. Kinyesi cha kuhara huondoka na bikaboneti nyingi, ile inayozuia damu isichachuke. Wakati huohuo maziwa yasiyosagwa huchachushwa na bakteria ndani ya utumbo, nao hutoa asidi iitwayo D-lakteti, ambayo mwili huiondoa polepole sana. Asidi hiyo humfanya ndama kama mlevi: anayumba, kope zinalegea, hataki kunyonya. Kwa ndama aliyepita wiki moja hali hii yaweza kutokea hata macho yakiwa hayajazama. Ukimpa ndama wa namna hiyo maji na chumvi tu, unajaza mwili wake maji huku tatizo kubwa likibaki palepale.

Mpime kabla ya kumpa chochote

Nawa, kisha ingiza kidole mdomoni mwake. Ndama mzima hukibana kwa ulimi na kukivuta kwa nguvu. Aliyeathirika hukitafuna ovyo, na aliyezidiwa hukiacha kama kijiti. Sikia pia kama mdomo ni wa baridi. Kipimo hiki hakigharimu kitu, nacho ndicho kinachoamua kama atatibiwa kwa mdomo au kwa mshipa.

Kisha shusha kope la chini taratibu, uangalie nafasi kati ya tufe la jicho na kona yake. Kwa ndama mzima nafasi hiyo haipo. Milimita 2 ni upungufu wa maji wa takriban asilimia 4 ya uzito wake, milimita 4 ni kama asilimia 8, na milimita 6 ni kama asilimia 10. Ngozi ya shingo ukiifinya na kuiachia hurudi ndani ya sekunde 2. Ikichukua 6, naye amefika asilimia 8. Kwa ndama aliyekonda baada ya kuhara siku nyingi, amini ngozi kuliko jicho, kwa kuwa mafuta ya nyuma ya jicho yakiisha jicho huzama hata kama maji yapo.

Mwisho pima joto kwenye puru. Kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Chini ya 38, mkaushe na kumpasha joto huku tiba ikiendelea.

Hesabu ya maji

Ndama wa kilo 40 aliyepungukiwa na asilimia 8 anadaiwa lita 3.2. Ongeza anachoendelea kupoteza, tuseme lita 2, na unapata zaidi ya lita 5 za maji ya elektrolaiti, yaani maji yenye chumvi za mwili na glukosi, kwa saa 24. Maziwa hayamo katika hesabu hiyo. Chupa moja asubuhi, ambayo wengi huiona kuwa tiba, haifikii nusu ya deni.

Ratiba inayofanya kazi ni hii: maziwa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kama kawaida, kisha karibu lita 2 za elektrolaiti saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Maji safi ya kunywa yabaki mbele yake muda wote.

Ushauri wa zamani wa kumnyima maziwa "ili tumbo lipumzike" umewadhuru ndama wengi. Elektrolaiti haina nishati ya kumtosha ndama. Akiishi kwayo peke yake siku mbili, anajila mwenyewe, na utando wa utumbo unaokosa chakula hauponi upesi. Asipomaliza maziwa, gawa kiasi kilekile katika milo midogo mitatu au minne.

Soma pakiti

Ukishachanganya kama pakiti inavyoelekeza, lita moja iwe na sodiamu milimoli (kipimo cha kiasi cha kemikali) 90 hadi 130, potasiamu, na glukosi. Glukosi haimo kwa ajili ya utamu: ukuta wa utumbo huivuta pamoja na sodiamu, na maji hufuata nyuma. Kisha fanya hesabu ndogo: sodiamu jumlisha potasiamu, toa kloridi. Jibu liwe kati ya milimoli 60 na 80. Hicho ndicho kipimo cha uwezo wa kupunguza asidi.

Kitu kinachopunguza asidi chaweza kuwa asetati, propionati au bikaboneti. Tunapendelea asetati, kwani haizuii maziwa kuganda katika tumbo la nne na haipunguzi ukali wa tumbo hilo unaoua bakteria waliomezwa. Bikaboneti na sitrati huzuia maziwa kuganda, hivyo ziachanishe na maziwa kwa saa 2 hadi 3.

Pakiti za binadamu zinaokoa watoto, ila kwa ndama hazitoshi: ile hesabu yetu hutoa karibu milimoli 30 tu. Zinarudisha maji, asidi inabaki. Sukari ya mezani ni mbaya zaidi. Ndama mchanga hana kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo hubaki ndani ya utumbo, huvuta maji na kuzidisha kuhara.

Changanya na maji ya vuguvugu, nyuzi 38 hadi 40, kwa chombo chenye alama za lita. Maji yakipungua, chumvi inazidi, na ndama aweza kupata degedege. Yakizidi, sodiamu haitoshi. Usichanganye pakiti ndani ya maziwa isipokuwa kama maelekezo yake yanasema hivyo. Mchanganyiko mzito hukaa tumboni muda mrefu na waweza kulijaza gesi.

Mrija wa kulishia

Kama ananyonya kidogo lakini hamalizi, mrija unasaidia. Pima kutoka puani hadi nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, weka alama, lowesha ncha, pitisha juu ya ulimi taratibu akimeza. Kabla ya kumimina, papasa shingo: lazima uhisi mirija miwili, koo la hewa lililo gumu na mrija wako pembeni yake. Ukihisi mmoja tu, toa uanze upya, maana huenda uko kwenye njia ya mapafu. Acha maji yateremke yenyewe, lita 2 basi. Ubane mrija unapoutoa ili masalio yasidondokee kwenye hewa.

Maji ya mrija huingia tumbo la kwanza, kwa sababu kile kifereji kinachopeleka maziwa moja kwa moja tumbo la nne hujikunja kuwa mrija kwa kunyonya. Elektrolaiti itashuka yenyewe. Maziwa yatabaki humo na kuoza, kwa hiyo usiyapitishe kwenye mrija. Dang'a ya siku ya kwanza ndiyo pekee inayoruhusiwa. Ndama asiyenyonya kabisa usimtegemezee mrija: utumbo wake umelala, maji yatakaa bila kufyonzwa.

Dripu

Daktari wa mifugo aitwe mara moja kama ndama hakamati kidole, hawezi kusimama, mdomo ni wa baridi, au jicho limezama kupita milimita 4. Kwa asidi hutumika bikaboneti ya asilimia 1.3, yaani gramu 13 kwa lita ya maji salama ya sindano. Mfano: ndama wa kilo 40 aliyelala chini na upungufu wa bikaboneti wa milimoli 15 kwa lita anahitaji 40 × 15 × 0.6 (0.6 ni sehemu ya uzito wa mwili ambamo bikaboneti husambaa), sawa na milimoli 360, ambazo ni gramu 30 hivi, au takriban lita 2.3 za dripu hiyo. Dripu ya chumvi ya kawaida haina cha kupunguza asidi, na ile ya Ringer yenye lakteti ina milimoli 28 tu kwa lita. Bikaboneti haichanganywi na dripu yenye kalsiamu, itaganda. Wala isichemshwe, hubadilika kuwa kaboneti.

Mkojo ndani ya saa chache ni dalili njema, na kidole kikianza kuvutwa ni njema zaidi. Dalili hizo zisipoonekana, kagua kitovu na mapafu, na pima sukari ya damu. Aliyesimama bado anahara, kwa hiyo mrudishe kwenye ratiba ya elektrolaiti siku hiyohiyo hadi kinyesi kishikane. Anayemhudumia anawe kwa sabuni kila mara, kwani kriptosporidia humpata binadamu pia.